Spika Zimeungwa, Sauti Haiji Sawa: Namna ya Kumtafuta Mkosaji

Watu wengi wanaoleta amplifaya kwa fundi hapa Busia, upande wa Uganda, huileta peke yake. Spika zimeachwa nyumbani, nyaya zimeachwa zikining'inia ukutani, na nyuma ya bodaboda imekuja mashine tu, imefungwa kwa mpira. Fundi anaiweka mezani, anaiunga na spika zake, inaimba bila kikohozi. Mwenye mali anairudisha, anaunga tena, na ugonjwa uko palepale, kwa sababu haukuwahi kutoka nyumbani. Zipo amplifaya zinazokufa kweli. Ila zinazosingiziwa kwa kosa la waya, la kitufe kilichobonyezwa bila kujua, au la spika zisizooana nazo ni nyingi kuliko hizo, na makosa ya namna hiyo unaweza kuyasaka mwenyewe kabla hujalipa nauli.

Njia ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha utazame kama tatizo limehama au limebaki. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na sauti ikarudi, hutajua kilichoponya.

Tafuta bisibisi, kisu kikali, tochi, betri moja ya redio ya volti 1.5, na multimeta (kipimaji cha umeme) ya bei ya chini kama unayo. Kila unapotaka kugusa nyaya za nyuma, zima na uchomoe plagi. Kifuniko usikifungue. Ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya plagi kutoka ukutani, na hazina huruma.

Haiwaki kabisa, au iliwaka mara moja ikanuka

Anza na vya kuaibisha: yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zimebaki? Soketi imewashwa? Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone. Kisha fyuzi ya ndani ya plagi ya pini tatu, ambayo huungua kimyakimya.

Kama mashine ni mtumba, geuza nyuma usome kibati kabla ya kuichomeka popote. Umeme wetu ni wa volti 240. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa AC 100V, na ya Marekani 120V. Zina ubora wa kuvutia hizo za Japani, ndiyo maana watu wanazikimbilia, lakini ukiichomeka moja kwa moja inapokea umeme zaidi ya mara mbili ya inaouhitaji. Ukiwa na bahati, fyuzi inakufa kwanza na kuokoa vingine. Usipokuwa nayo, transfoma inaungua, na transfoma ya mtumba kuipata ni kazi. Mashine kama hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kibati: kibati kikisema 200W, nunua ya 400 au 500 ili isichemke. Baadhi ya amplifaya zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 110 au 220; hakikisha iko upande wa 220 au 240 kabla ya kuchomeka.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kishikio chake. Ukikuta iliyotangulia imezungushiwa karatasi ya sigara au uzi wa shaba, ujue uliuziwa mashine iliyokwisha kuwa mgonjwa. Na fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usiweke ya tatu: hapo pana shoti ndani, mpelekee fundi.

Jambo lingine linaloonekana kila nyumba ni plagi ya pini mbili iliyosukumwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu. Inawaka, ndiyo, lakini imeshika kwa ncha tu. Mashine inakatika mtu akipita karibu, plagi inapata moto, na spika zinatoa mlio wa kukwaruza unaokuja na kuondoka. Nunua adapta ya kweli.

Taa zinawaka, pande zote kimya

Hapa nusu ya kazi ni vidole. Tazama sehemu iliyoandikwa SPEAKERS mbele ya mashine. Amplifaya nyingi za zamani zina A na B: seti mbili za matundu nyuma, na swichi ya kuchagua. Umeunga spika kwenye B na swichi iko kwenye A, au imezimwa kabisa. Kuna pia tundu la hedifoni, ambalo kwenye mashine nyingi hukata spika mara kitu kinapochomekwa ndani yake. Nimeshaona kipande cha plagi kilichovunjikia humo kikiwa kimenyamazisha nyumba nzima.

Kitufe kinachowasumbua watu kupita vyote ni kile kilichoandikwa TAPE MONITOR. Kiliwekwa enzi za deki za kaseti, ili mtu asikilize anachorekodi. Kikibonyezwa, amplifaya inaacha kusikiliza simu yako au dekoda na kusubiri sauti kutoka kwenye deki ambayo haipo. Mtoto amefuta vumbi, kidole kimegusa, kitufe kimezama nusu milimita. Kitoe nje.

Mama mmoja alikuja na mashine begani, amekunja uso. "Baba, hii nimeshaambiwa IC imekufa, nitoe pesa ya IC." IC ni kile kipande kidogo cheusi cha ndani chenye saketi nzima. Mashine ilichomekwa, kitufe hicho kikabonyezwa mara moja, na mtangazaji wa redio akadakia katikati ya sentensi. Yule mama hakucheka. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, ile IC aliyotajiwa ingekuwa ya nini.

Ikiwa bado kimya, angalia nyuma kama pana matundu yaliyoandikwa PRE OUT na MAIN IN. Kwenye mashine nyingi yanaunganishwa kwa vyuma viwili vidogo vilivyopindwa kama herufi U. Vikidondoka au vikiibwa, nusu ya kwanza ya amplifaya haiongei na nusu ya pili. Waya mfupi wa RCA, ule wenye plagi nyekundu na nyeupe, unatosha kuvichukulia nafasi. Vyuma vikiwepo lakini vina kutu, vitoe, visugue, virudishe.

Kisha chanzo: ongeza sauti kwenye simu yenyewe, jaribu simu nyingine, jaribu redio ya mashine. Redio ikisikika na simu isisikike, tatizo mara nyingi ni waya wa simu.

Upande mmoja unaimba, mwingine umenyamaza

Kwanza kitasa cha BALANCE kiwe katikati. Baada ya hapo, hamisha.

Tuseme spika ya kushoto imenyamaza. Zima, kisha nyuma ya amplifaya hamishia waya wa spika ya kushoto kwenye matundu ya kulia, na wa kulia kwenye ya kushoto. Spika zenyewe zisisogee. Washa. Kama ni spika ileile ya kushoto iliyonyamaza, basi kosa ni spika hiyo au waya wake. Kama sasa ya kulia ndiyo iliyonyamaza, spika zote ni nzima, na kosa liko kwenye amplifaya au nyuma yake zaidi, kwenye chanzo.

Hapo rudisha nyaya za spika, kisha badilishana plagi mbili za RCA zinazoingia kwenye amplifaya, nyekundu na nyeupe. Ukimya ukihama, waya wa RCA au kifaa unachokisikiliza ndicho kibovu. Usipohama, amplifaya imejitaja yenyewe.

Kuna dalili moja inayofaa kuijua: upande ulionyamaza unarudi ukipandisha sauti sana, kisha unafifia tena ukishusha. Hiyo mara nyingi ni rilei ya spika, yaani swichi ya umeme inayoziunga na kuzitenga spika ndani ya amplifaya, ambayo ncha zake zimechafuka. Ukisikia pia mkwaruzo kila unapozungusha kitasa cha sauti, ni vumbi, na vumbi jekundu la barabara zetu za murram linaingia popote. Fundi husafisha kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Mafuta ya kupikia na mafuta ya mnyororo wa baiskeli, ambayo watu huyatia, yanavuta vumbi zaidi.

Kosa likiwa upande wa spika, chukua betri. Toa waya wa spika kwenye amplifaya, gusisha ncha zake mbili kwenye betri kwa sekunde moja tu. Spika nzima hutoa mlio mfupi, "tap", na koni yake, ile karatasi ya mbele, husogea. Kimya? Nenda ufanye vivyo hivyo nyuma ya spika yenyewe. Ikilia hapo, waya umekatika njiani, na mara nyingi utaukuta nyuma ya kabati, umetafunwa na panya. Isipolia hata hapo, waya mwembamba wa ndani ya spika umeungua au umeng'oka kwenye koni.

Inaimba kidogo, "tik", inakata. Au neno PROTECT linawaka

Kaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo amplifaya nzima inapouawa kwa ubishi. Mashine yenye ulinzi ikihisi hatari inafungua rilei na kuzitenga spika. Inasema kuna kitu. Mwenye nyumba anaizima, anaiwasha, inakata, anaiwasha tena, mpaka siku ulinzi wenyewe unashindwa.

Chomoa spika zote. Washa mashine tupu. Kama sasa inatulia, "tik" ya kawaida inasikika baada ya sekunde chache na PROTECT inazimika, basi amplifaya ni nzima na kosa liko kwenye ulichokiunga. Kama inakata hata bila spika, transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimekwenda au kuna kitu kingine ndani, usiendelee. Ikitulia, unga spika moja, sikiliza, zima, unga ya pili. Utajua ni ipi iliyoleta fujo.

Mkosaji wa kwanza ni uzi mmoja wa shaba. Waya wa spika una nyuzi nyingi nyembamba. Mtu anamenya kwa meno, anamenya sentimita tatu, anasukuma kwenye tundu, na uzi mmoja unabaki nje, umepinda, unagusa tundu la jirani. Kwa macho ya kawaida huuoni. Weka tochi kwa pembeni utaona unang'aa. Menya milimita 10 tu au 12, sokota nyuzi ziwe kitu kimoja kigumu, ukiweza zitie risasi kidogo, kisha ingiza zote. Na kwenye vibano vya springi angalia kinyume chake pia: kibano kimebana plastiki ya waya badala ya shaba, hapo hutapata sauti kabisa. Pitia pia njia nzima ya waya, hasa palipogongwa msumari na mlango unapoukanyaga.

Mkosaji wa pili ni hesabu. Kila spika ina ukinzani wake, unaoandikwa nyuma kwa omu: 8, 6, 4, wakati mwingine 3. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyotakiwa kutoa mkondo mwingi zaidi. Chukua volti 20 zinazotoka: kwenye spika ya omu 8 zinasukuma ampea 2.5, kwenye omu 4 ampea 5, kwenye omu 2 ampea 10. Sauti haijaongezeka sana masikioni, lakini transista zinachemka.

Sasa mtu ana spika mbili kila upande, na zote anaziingiza kwenye tundu moja, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Kwa muungano huo wa sambamba, mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2. Zikiwa tofauti, zidisha mbili hizo kisha gawanya kwa jumla yake: 4 na 8 ni 32 kugawanya kwa 12, yaani kama 2.7. Soma nyuma ya amplifaya. Mashine nyingi za nyumbani zimeandikwa kwamba A au B peke yake inakubali kuanzia omu 4, lakini A na B kwa pamoja kila spika iwe omu 8 au zaidi. Maandishi hayo hayakuwekwa kwa urembo.

Unazo nne za omu 8 na lazima zote ziimbe? Unga mbili kwa mfululizo: waya wa chanya wa amplifaya uingie chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza iende chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Hiyo ni omu 16. Fanya hivyo kwa mbili zilizobaki, kisha unga jozi hizo mbili sambamba. Unarudi kwenye omu 8, na mashine inapumua.

Multimeta isikuchanganye. Spika ya omu 8 ukiipima itaonyesha kama 6, na ya omu 4 kama 3 na ushee, kwa sababu multimeta inapima waya uliotulia, si spika inayoimba. Ukipata 0 au karibu yake, spika ina shoti. Ukipata namba isiyo na mwisho, imekatika.

Tatizo la omu huja zaidi na spika za homu thieta. DVD yake ilikufa, spika tano zikabaki, zinapendeza, mtu anakata vile viplagi vya rangi na kuziunga kwenye amplifaya ya zamani. Nyingi kati yake ni za omu 3 au 4. Sauti ndogo utastahimili. Siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulishana kwa familia za wachumba, ukipandisha, PROTECT. Na lile sabufa la seti hiyo, angalia kwanza kama lina waya wake wa umeme. Kama linao, lina amplifaya yake ndani na linataka waya wa RCA kutoka kwenye tundu la PRE OUT au SUBWOOFER. Usilisukumie waya wa spika kwenye tundu la RCA.

Mkosaji wa tatu ni joto. Mashine imewekwa ndani ya kabati, juu yake dekoda, juu ya dekoda kitambaa kizuri kilichofumwa. Matundu ya juu ni ya kupumulia. Ikikata baada ya nusu saa na kurudi ikipoa, ondoa kitambaa kwanza kabla ya kufikiria lolote lingine. Angalia na mende pia. Wanapenda joto hilo, na mjusi aliyejilaza kati ya nyaya za umeme ndani ya mashine hufa pamoja na mashine.

Tahadhari kwa amplifaya za bei nafuu zisizo na rilei: ukiwasha na ukaona koni ya spika imeruka mbele au imezama nyuma na kubaki hapo, zima papo hapo. Amplifaya inatoa umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, na baada ya muda mfupi spika itatoa moshi. Spika mpya usiunge hapo, itafuata njia ileile.

Redio ya gari kwenye betri ya sola

Vijijini, na hata hapa mjini umeme unapokatika, amplifaya ya nyumba nyingi ni redio ya gari iliyopachikwa kwenye boksi la mbao na kuungwa na betri ya volti 12. Ni chombo kizuri. Kosa lake ni moja, na linarudiwa na watu wanaojua umeme wa nyumba vizuri kabisa.

Kwenye amplifaya nyingi za zamani za nyumbani, hasi za spika zote hukutana ndani. Kwa hiyo mtu amezoea kuokoa waya: anavuta hasi moja kwa spika zote mbili. Kwenye redio ya gari hilo ni marufuku. Kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili, na waya unaoitwa hasi nao una volti kama 6 juu ya hasi ya betri. Ukiunganisha hasi za kushoto na kulia, au ukazigusisha na chuma cha redio, au ukazipeleka kwenye hasi ya betri, redio inakata, inachemka, na mwisho IC yake inakufa kweli. Kila spika iwe na nyaya zake mbili mpaka kwenye redio. Amplifaya ndogondogo za kisasa, zile za kutumia adapta ya kompyuta, nyingi ni za aina hiyohiyo.

Rangi za kawaida: nyeupe na nyeupe yenye mstari mweusi ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Nyeusi tupu ni hasi ya betri. Njano ni chanya ya kudumu, nyekundu ni ya kuwashia. Redio ikisahau stesheni kila ukizima, ni kwa sababu njano imeungwa kwenye swichi pamoja na nyekundu. Ipeleke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi.

Na usidanganyike na "50W x 4" usoni mwake. Kwa volti 12 na spika ya omu 4, unachopata kwa kila spika bila kuchafuka ni kama wati 18.

Besi imepotea, sauti haina mahali

Spika zote mbili zinaimba, hakuna mkwaruzo, lakini muziki ni mwepesi, gitaa la besi halisikiki, na mwimbaji hajulikani amesimama wapi. Spika moja imegeuzwa: chanya imeingia kwenye hasi. Koni ya kushoto ikienda mbele, ya kulia inarudi nyuma, na mawimbi ya besi yanauana katikati ya chumba.

Kujua ni rahisi. Zielekeze spika mbili uso kwa uso, shubiri moja kati yake, ucheze sauti ya mtu mmoja: taarifa ya habari, au kadongo kamu, ambayo ni gitaa na sauti tu. Zima, geuza nyaya za spika moja pekee, sikiliza tena. Hali yenye besi nzito ndiyo sahihi. Ukisimama katikati baadaye, sauti ya mtangazaji itoke pale katikati ambapo hakuna spika.

Kama nyaya zimepita ukutani na huzijui, rudi kwenye betri: gusisha chanya ya betri kwenye waya mmoja, mtu mwingine atazame koni. Ikiruka mbele, huo ndio waya wa chanya. Ufungie tepu nyekundu ncha zote mbili. Waya wenyewe mara nyingi una alama: mstari wa rangi, mgongo unaohisika kwa ukucha, au shaba upande mmoja na rangi ya fedha upande wa pili.

Mngurumo usioisha

Punguza sauti mpaka sifuri. Mngurumo ukibaki vilevile, mara nyingi kapasita kubwa za ndani zimechoka. Ni kazi ya fundi. Ukipungua pamoja na kitasa, unaingia kutoka nje.

Chomoa RCA zote, kisha rudisha moja moja. Mara nyingi anayekamatwa ni dekoda, kwa sababu imeungwa na dishi lililo juu ya paa, na dishi limeshikwa na chuma kinachogusa ardhi, huku TV na amplifaya zikiwa na njia nyingine ya ardhi. Zima dekoda, fungua waya wa dishi, sikiliza. Mngurumo ukiondoka, umempata. Chomeka TV, dekoda na amplifaya kwenye ekstensheni moja, na ukishindwa kabisa weka kitenganishi kidogo cha RCA chenye transfoma. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi. Ni kweli mngurumo huisha ukiikata, na ni kweli pia kwamba siku mashine ikipata shoti, chuma chake kitakuwa na volti 240.

Simu ikivuma inapochajiwa, chomoa chaja. Inveta za bei ya chini za sola, zenye wimbi la pembe pembe, hutoa mvumo wa kukera ambao hakuna waya utakaouondoa. Redio ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri itakuwa safi zaidi.

Inakwaruza ikipandishwa, na twita zinakufa

Stika ya mbele inasema 5000W PMPO. Geuza nyuma: kibati kinasema inatumia 80W. Mashine haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachokula ukutani, na sehemu ya hicho inapotea kama joto. Ukitaka ukweli soma kibati, au tafuta neno RMS.

Kwa hiyo amplifaya ndogo inalazimishwa kujaza uwanja. Ikifika mwisho wake inakata vichwa vya mawimbi, sauti inakuwa kama ya kupaka mchanga, na nguvu nyingi kuliko kawaida inakwenda kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Ndiyo maana twita huungua kwa amplifaya dhaifu iliyolazimishwa, jambo ambalo watu hawaamini mpaka wameunguza mbili. Jioni, taa zinapofifia kwa sababu umeme umeshuka, kikomo hicho kinafikiwa mapema zaidi.

Kama inakwaruza hata kwa sauti ndogo, zima, weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni, sukuma polepole sawasawa. Isikwaruze. Ikikwaruza, koili, waya uliosokotwa nyuma ya koni, imepinda au imeungua. Ikiwa laini, tazama ukingo wa sponji kuzunguka koni: ukigusa unabomoka kama majivu? Sponji huweza kubadilishwa, spika bado ina maisha.

Na waya. Kwa mita 10, waya wa milimita mraba 1.5 unaongeza kama robo omu kwenda na kurudi, haba. Wa 0.5 unaongeza kama 0.7, na kwa spika ya omu 4 utasikia besi imelegea. Waya wa mtandao wa kompyuta, ambao watu huupenda kwa sababu wanaupata bure, ni zaidi ya omu moja na nusu. Kwarua waya kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, chukua mnene zaidi au uache.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, beba mashine pamoja na spika moja na waya wake. Mwambie ulichohamisha na kilichofuata: "Nimebadilisha nyaya, ukimya umebaki kwenye tundu la kushoto, nimebadilisha RCA, umebaki." Kisha mwombe, kabla hajafungua skrubu ya kwanza, aiwashe mbele yako kupitia balbu ya zamani ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ikafifia, njia ya umeme ni nzima. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, na hapo ndipo mnaanza kuzungumzia bei.